Pasaka ya Wagonjwa Tisa

Mtunza friji alivuta droo ya chuma, akapangusa barafu kwa glavu, kisha akasogea pembeni ili Nevena Grujin ajionee mwenyewe. Ilikuwa Jumanne, saa mbili na dakika kumi asubuhi, katika maabara ya Novi Sad ambako akiba ya damu ya jaribio zima la dawa ilihifadhiwa. Vichupa vilisimama safu kwa safu, kila kimoja na namba yake. Safu ya mwisho ya kliniki ya kijiji cha Beli Salaš ilikuwa matundu matupu.

"Hesabu," mtunza friji alisema.

"Wagonjwa tisa."

"Tisa. Mgonjwa akipimwa kule, kichupa kimoja cha akiba lazima kiletwe hapa. Hawa kwenye kompyuta yenu wamepimwa tangu Februari mpaka Juni. Huku hawajaleta hata tone."

"Labda vilipasuka njiani."

"Vya mgonjwa mmoja, sawa. Lakini vya hao hao tisa, safari zote? Dada yangu, hao watu hawana damu."

Nevena aliyatazama matundu yale. Yeye ndiye aliyeitengeneza programu ambayo madaktari waliitumia kulitazama jaribio. Kila mgonjwa alikuwa mstari mmoja kwenye skrini, unaoonyesha mafuta ya damu yake yakipanda au kushuka. Ukichagua umri, uzito au kliniki, mistari inajikusanya na kutawanyika mbele ya macho yako, na ukiubofya mmoja unakueleza habari zake. Watu waliisifu kwa uzuri wake. Sasa ilionekana kwamba kwa miezi miwili uzuri huo ulikuwa ukiwapamba watu wasiokuwepo.

Bosi wake, Relja Todić, mtu wa Belgrade mwenye mashati yasiyojikunja, hakusubiri amalize kueleza.

"Ni yule bibi," alisema. "Neno la siri lililotumika kuwaandikisha ni la nani?"

"La Daktari Mileva."

"Kompyuta?"

"Ya kliniki yake. Mfumo haukubali kuandikia mahali pengine. Waliingizwa wote kwa mkupuo Septemba kumi na moja, Jumatano, kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana. Lakini yeye siku zote huandika kwa mkupuo, anaichukia kompyuta. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka."

"Basi umebaki unauliza nini?"

"Namuuliza yeye kwanza. Wewe mwenyewe umewahi kukaa naye ukazungumza?"

"Nimefika kwake mara moja tu, Januari, tulipofungua. Theluji magotini, chai yenyewe baridi. Ijumaa wenye dawa watakuwa kwenye skrini kutoka Viena, na barua ya kwenda baraza la madaktari iko tayari. Atanyang'anywa leseni, mambo yaishe." Alimtazama kwa jicho la pembeni. "Najua pale ni kwenu, Nevena. Ukimficha, nitasema programu yako ndiyo iliyowazaa hao tisa."

Nevena alijigusa kidevu. Palikuwa na kovu dogo, la siku alipoanguka na baiskeli akiwa na miaka saba; aliyelishona ni Mileva Tatić huyo huyo. Vijiji vitatu vya pale havikuwa na daktari mwingine. Baba yake Nevena, mwenye moyo uliochoka, alikaa nyumba ya nne kutoka kliniki. Mileva akiondolewa, hakuna kijana wa mjini atakayekubali kwenda kuzikwa kule akiwa hai.

"Nenda, nenda," Relja alisema akichukua koti. "Ila usiniletee machozi. Kliniki gani hiyo, watu wanachoma pilipili hoho uani na damu imeachwa mezani!"

Nevena alicheka bila kupenda. Kwao kulikuwa kwao, na hakuna lisilowezekana.

Jumatano saa nne alikuwa Beli Salaš. Daktari Mileva, miaka sitini na minane, mfupi, sauti imekwaruzwa na sigara, alimshika kidevu akakigeuza kwenye mwanga.

"Mshono mzuri," alijisifu. "Kaa, mwanangu. Smilja, mletee kahawa. Una sura ya mtu aliyekuja kuhani msiba."

Smilja, nesi wake, alileta kahawa, lakini hakutoka. Alibaki mlangoni akikunjakunja aproni.

"Daktari, una wagonjwa wangapi kwenye jaribio?"

"Ishirini na wawili."

"Skrini inasema thelathini na mmoja."

"Basi skrini imelewa."

"Septemba kumi na moja, asubuhi, ulikuwa wapi?"

Daktari alimtazama nesi, nesi akatazama sakafu.

"Sikumbuki," Mileva alisema.

"Wewe unakumbuka tarehe ya kila chanjo niliyochomwa."

"Nimezeeka."

"Ulizeeka lini, jana? Daktari, Ijumaa wanakupeleka kwenye baraza. Kuna watu tisa wa uongo wameandikwa kwenye kompyuta yako, kwa neno lako la siri. Nisaidie nikusaidie."

Mileva aliwasha sigara. Moyo wa Nevena ulianza kushuka. Alikuja akiwa na hakika kwamba mama huyu hawezi kusema uongo, na sasa alikuwa anausikiliza uongo wenyewe. Mwenye kosa hupata sura ile ile, awe profesa awe mwizi wa kuku.

"Mwambie, daktari!" Smilja alilipuka. "Mwambie, kabla hawajatufunga! Tulikuwa tunachoma pilipili!"

"Pilipili?"

"Za kupikia ajvar, kitoweo cha majira ya baridi! Bomba la moshi la nyumbani kwangu lilianguka, na magunia matatu nilishayanunua. Nikamwomba daktari tuchomee hapa, nyuma, uani. Mara ya kwanza katika maisha yetu, naapa. Jumatano hakuna foleni. Tangu saa tatu mpaka mchana tulikuwa nyuma, mikono myeusi, macho yanatoka machozi."

"Na mlango wa mbele?"

"Wazi," Mileva alisema kwa sauti ndogo. "Kompyuta nimeiwasha. Na mezani vichupa vinne vya damu niliyotoa alfajiri, vinangoja gari. Aibu tupu. Hatukumwambia mtu. Hata Ondrej mkaguzi usimwambie, ataniandikia ripoti ya kurasa kumi."

"Moshi haukuwaumbua?"

"Septemba? Kijiji kizima kinachoma wiki ile. Harufu ya nani utaijua?"

"Na neno la siri?"

Daktari alinyoosha sigara ukutani. Pale ilining'inia kalenda ya kanisa, mwaka mzima kwenye karatasi moja, sikukuu kwa wino mwekundu, na picha ya Mtakatifu Nikola juu. Katikati, kwa penseli, kulikuwa na neno la siri, herufi kubwa kubwa.

"Hapo ndipo ninapopaona bila miwani. Ondrej kaniambia mara kumi nilifute."

Nevena alifunga macho. Mtu yeyote angeweza kuingia, akasoma ukutani, akakaa, akaandika, akaondoka, na wenye nyumba wako nyuma wanalia kwa moshi.

"Na hiyo dawa yenu," Mileva aliendelea, sasa ameshapata nguvu za kulalamika, "haishushi kitu kwa watu wangu. Subotica inashusha, nasikia, hapa haishushi. Nilimwandikia bosi wako mara mbili, hakunijibu. Na niliwaomba msichukue damu wiki ile baada ya Pasaka. Wazee wangu wamefunga wiki saba, maharage na viazi, halafu kwa siku moja wanamshambulia mwanakondoo, mayai, keki. Mafuta yanapanda mpaka darini! Mkaniambia ratiba ni ratiba."

Mchana huo huo Nevena alikaa mbele ya mashine yake ofisini. Maneno ya Pasaka yalikuwa yamemganda kichwani njia nzima.

Watu wa majaribio ya dawa wana desturi moja, na hawaijadili kamwe: mstari wa mgonjwa huanza siku aliyomeza kidonge cha kwanza. Siku ya kumi, siku ya thelathini, siku ya tisini. Tarehe ya dunia haiwahusu. Ila Nevena alipoijenga programu aliweka kwenye kona kitufe kidogo cha kupanga mistari kwa tarehe za kalenda, kwa ajili ya kusaka makosa tu. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kukigusa.

Alikigusa.

Mistari ishirini na miwili ya Beli Salaš ilijipanga upya. Ilitambaa chini Machi yote na Aprili yote, na katika wiki ya pili ya Mei ikaruka juu kwa pamoja, kama watoto waliosikia kengele ya shule. Kwa hesabu ya vidonge mruko huo haukuonekana, kwa sababu kila mtu alianza dawa kwa siku yake na Pasaka ikamwagika huku na huku. Kwa kalenda, ilikuwa wazi kama mchana.

Mistari tisa iliyobaki haikuruka Mei. Ilikuwa imesharuka, wiki ya kwanza ya Aprili.

"Nyinyi," Nevena aliwaambia kwa sauti, "mmekula nini katikati ya mfungo?"

Alianza kufungua kliniki nyingine, moja baada ya moja, na kuziweka juu ya wale tisa. Ya tano ilikuwa Subotica, ya Daktari Piroska Lengyel, ambako wagonjwa karibu wote ni Wahangaria, na Wahangaria ni Wakatoliki. Mwaka ule Pasaka mbili zilipishana kwa wiki tano: ya Wakatoliki Machi thelathini na moja, ya Waorthodoksi Mei tano. Milima ikakaa juu ya milima. Tarakimu zilikuwa zimesukumwa kidogo, hii juu, ile chini, umri umebadilishwa, lakini watu walikuwa wale wale. Kuna mtu aliyechukua Wakatoliki tisa wa Subotica akawapeleka kuishi kijiji cha Waorthodoksi, na akasahau kuwabadilishia sikukuu.

Nevena alihema. Kisha akajiuliza nani angeweza. Daktari Mileva hakuweza kuona mgonjwa hata mmoja wa Subotica. Programu humwonyesha kila daktari kliniki yake tu. Waliokuwa na ruhusa ya kuona kliniki zote walikuwa watatu: Relja, Ondrej mkaguzi, na yeye mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako.

Alhamisi saa tatu alimkuta Ondrej Čipkar kwenye duka la mikate chini ya ofisi, akiwa na kipande cha burek, andazi la matabaka lenye nyama, na bilauri ya mtindi. Ondrej alikuwa Mslovakia wa Kovačica, mtu mrefu wa maneno machache, ambaye kila wiki alizunguka kliniki zote kukagua. Alimjua Mileva, alilijua neno la siri, aliijua Subotica. Nevena alikaa mbele yake bila salamu.

"Septemba kumi na moja ulikuwa wapi?"

"Na wewe habari za asubuhi," Ondrej alijibu. "Subotica, kwa Lengyel, tangu asubuhi mpaka jioni. Mpigie."

Nevena alimpigia pale pale, burek ikipoa. Daktari Lengyel alithibitisha, tena kwa uchungu: siku ile Ondrej alimfanya ahesabu vidonge upya mara tatu. Nevena alikata simu, lakini shaka haikukatika. Daktari anaweza kumtetea mkaguzi wake. Akageuza kompyuta.

"Hii ni Beli Salaš, kwa tarehe. Unaona nini?"

Ondrej aliinama. Alitafuna polepole, halafu akaacha kutafuna.

"Hao tisa wamefanya Pasaka yetu," alisema.

"Yenu nani?"

"Sisi na Wahangaria. Ya Machi mwishoni. Beli Salaš hakuna mtu wa Pasaka hiyo, hata mbwa." Aliangalia tena, kisha akamwangalia yeye. "Aha. Na ukadhani ni mimi."

"Una ruhusa ya kuona kote."

"Dada, mimi tangu mtoto nagongesha mayai ya Pasaka mara mbili kila mwaka. Mara ya kwanza kwetu, mara ya pili kwa majirani Waserbia, na kote mama ananituma na keki. Kama ningeghushi wagonjwa wa Beli Salaš, jambo la kwanza ningesogeza kila kitu wiki tano mbele. Sisi wachache tunazijua sikukuu za wote, tusipozijua tunakuta maduka yamefungwa." Alipangusa vidole. "Aliyefanya hivi ni mtu mwenye Pasaka moja tu."

Lilikuwa jibu zuri mno, na Nevena aliogopa majibu mazuri. Akajaribu mlango mwingine.

"Unajua nini kuhusu pilipili hoho za kliniki?"

"Pilipili gani?"

"Walizochoma uani."

Kipande cha burek kilibaki hewani. "Uani? Kliniki? Na moshi, na mafuta, karibu na vichupa?" Uso wa Ondrej uliiva taratibu. "Lini? Nitamwandikia! Nitamwandikia huyo mama mpaka wino uishe!"

Nevena hakumsikia tena. Hata mkaguzi wa kliniki hakujua. Katika dunia nzima waliojua ni wanawake wawili wenye mikono myeusi. Na tangu Jumanne, mtu wa tatu alikuwa amemtamkia habari hiyo usoni, na yeye akacheka.

Ijumaa saa tatu kamili walikaa chumba cha mikutano. Kwenye skrini ya ukutani alikuwepo Daktari Haslinger wa Viena, mwakilishi wa wenye dawa, mama mkavu mwenye miwani ya kamba. Relja aliketi kichwani mwa meza, barua mbele yake. Ondrej alikaa dirishani. Mlango ukafunguliwa, akaingia Daktari Mileva katika koti lake la kanisani.

"Nani kamwita huyu?" Relja aliuliza.

"Mimi," Nevena alisema. "Anayeshtakiwa asikie."

Aliwaonyesha mistari, akabonyeza kitufe cha kalenda. Alieleza mfungo, mwanakondoo, na Pasaka mbili. Akaweka Subotica juu ya wale tisa. Haslinger alivua miwani, akaivaa tena.

"Kwa hiyo wamenakiliwa," alisema.

"Na daktari huyu hana njia ya kuiona Subotica. Ndani ya ofisi hii wenye njia ni watatu."

"Programu yako ina kosa," Relja alisema kwa utulivu. "Imechanganya kliniki mbili. Nilikuonya."

"Programu ingechanganya, isingebadilisha umri."

"Basi muulize Ondrej. Yeye ndiye anayelala kwenye hizo kliniki."

"Nimemuuliza. Siku ile alikuwa Subotica. Sasa nakuuliza wewe. Septemba kumi na moja?"

"Nilikuwa na kazi zangu. Beli Salaš nimefika Januari, mara moja. Nimekwishakwambia."

"Umekwishaniambia, ndiyo. Na Jumanne hiyo hiyo ukaniambia kwamba kule wanachoma pilipili hoho uani na damu imeachwa mezani."

Relja alitabasamu. "Ilikuwa mzaha, Nevena. Vijiji vyote vinachoma pilipili."

"Januari, theluji magotini?"

"Mzaha, nimesema."

"Kijana," Mileva aliingilia. Alikuwa amesimama, mikono imeshika kiti. "Katika miaka yangu yote pale nimechoma pilipili kwenye kliniki siku moja tu, ndiyo hiyo. Na damu ilikuwepo mezani, vichupa vinne. Jambo hilo sikumwambia hata padri. Wewe umeotaje?"

Ondrej alimtazama Mileva, akamtazama Relja, na kwa mara ya kwanza hasira yake ikahama mtu. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Relja iliishia kwenye meza ile.

"Dawa inafanya kazi," Relja alisema mwishoni. Alikuwa anamwambia Haslinger, si wao. "Kila mahali inashusha, isipokuwa kwake. Watu ishirini na wawili wa kijiji kimoja walikuwa wanaharibu jaribio zima. Niliwaahidi mtaona mstari ukishuka. Nilikwenda kumwambia kliniki yake inafungwa, nimwonyeshe mistari ya Subotica kwenye kompyuta yangu, aone wenzake wanavyofanya kazi. Nikakuta chumba kitupu, mashine inawaka, neno la siri ukutani. Nilisawazisha tu."

"Na barua ya baraza?" Nevena aliuliza. "Hiyo nayo ni kusawazisha?"

"Ana miaka sitini na minane." Relja hakumtazama mama huyo. "Angestaafu, basi. Nani angeumia?"

Nevena alitaka kumpiga. Aliukalia mkono wake wa kulia, kweli kabisa, ili usiende mahali.

"Vijiji vitatu," alisema. "Na baba yangu."

"Mimi nilikuandikia mara mbili," Mileva alimwambia Relja, bila kupaza sauti. "Dawa inashusha kule, kwangu haishushi. Kuna kitu kwa watu wangu, labda chakula, labda damu yenyewe, labda wanamezea kidonge kwa pombe ya rakija, sijui. Hilo ndilo lililofaa kuulizwa. Ulikuwa umeshika swali zuri mkononi, ukalifunika na wagonjwa hewa tisa."

Haslinger aliamuru jaribio lisimame palepale na kila kliniki ikaguliwe upya. Kuhusu Relja alisema neno moja, polisi, akalisema kwa namna ya mtu anayeagiza maji. Relja alianza kukusanya karatasi zake. Barua ya baraza ilikuwa juu. Ondrej aliichukua, akaikunja mara nne, akaiweka mfukoni.

"Subiri," Mileva alisema Relja alipofika mlangoni. "Neno la siri ulilisoma kwenye kalenda ya Mtakatifu Nikola?"

"Ndiyo."

"Mahali gani kwenye kalenda?"

"Sijui. Katikati. Mei, nadhani."

"Mei," mama alikubali. "Nililiandika chini ya tarehe tano. Ilikubidi usogeze pua pale pale ili ulinakili herufi kwa herufi. Na juu ya herufi hizo, kwa wino mwekundu, imeandikwa nini?"

Relja alisimama na mkono kwenye kitasa. Alifikiri kwa uaminifu kabisa, na ilionekana kwamba hakumbuki.